Kiai haianzii kooni: jinsi ya kuipata, kuipanga na kujua saa ya kunyamaza

Watu wengi wakianza karate au kendo, ule mchezo wa upanga wa Kijapani, wanavumilia pushapu, wanavumilia miguu kuwaka moto, ila kuna ule wakati mwalimu anahesabu kwa Kijapani ichi, ni, san mpaka ju, moja mpaka kumi, na kwenye ile ya kumi darasa zima linatakiwa litoe sauti kwa pamoja, ile inayoitwa kiai, hapo ndo unamwona mtu anaangalia chini, mdomo umefunguka nusu, sauti inatoka nyembamba na kuishia kwenye meno. Mimi nilikaa hivo karibu miezi mitatu. Ngumi sikuogopa, nilichoogopa ni kujisikia mwenyewe. Alafu siku moja nikaja kuelewa kwamba hakuna aliyekuwa ananidai kelele, walikuwa wananidai pumzi, na kuanzia hapo kila kitu kikakaa sawa, kwahiyo naandika hii kwa yeyote ambaye bado yuko pale.

Tuanze na neno lenyewe maana lenyewe tu linakufundisha nusu ya kazi. Kwa Kijapani kiai inaandikwa kwa herufi mbili, ki ambayo ni nguvu ya ndani, roho, hata pumzi imo humo humo, na ai ambayo inatoka kwenye kitenzi cha kukutana, vitu viwili kuungana vikawa kimoja. Ukizigeuza herufi hizo hizo unapata aiki, ile iliyo mwanzoni mwa jina aikido. Yani ndani ya neno hamna sauti kabisa, kuna kujikusanya. Sauti ina jina lake jingine, kakegoe, na watu wa kendo wanatofautisha hivo vitu viwili vizuri tu, kakegoe ni kile sikio linachosikia, kiai ni kile kilichoifanya sauti itoke. Hata nje ya dojo, yani ukumbi wa mazoezi, Mjapani anaweza kumwambia mwenzake anayeenda kufanya mtihani wa darasani aweke kiai, na hamaanishi apige kelele mle ndani, anamaanisha aingie mzima mzima, asibakize kitu.

Kwa Kiswahili nimetafuta neno la kulinganisha nayo kwa muda mrefu. Yowe siyo, yowe ni la mtu aliyeshikwa na hofu. Ukunga siyo, ukunga unapigwa ili watu waje. Linalokaribia kabisa kwangu ni kukemea. Mfikirie mama anayemkemea mtoto aliyenyoosha mkono kwenye moto, sauti inatoka fupi, nzito, haijapangwa, imetoka chini kabisa, na mtoto anaganda kabla hata hajaelewa ameambiwa nini. Yule mama hajasafisha koo, hajawaza sauti yake inasikikaje, alikuwa na nia moja tu na mwili wote ukaifuata. Hiyo ndo kiai. Karibu kila mtu anayo tayari, kazi iliyobaki ni kujua inakaa wapi ndani yako na kuitoa pale unapotaka wewe, badala ya kusubiri mpaka itokee yenyewe.

Sasa kwa nini inafanya kazi, maana ukijua sababu hutaona aibu tena. Mtu anayepiga ngumi akiwa amebana pumzi kifua kinakaza, mabega yanapanda masikioni, presha ya damu inapanda, na baada ya dakika mbili ameisha. Akipiga huku anatoa pumzi kwa ghafla, misuli ya tumbo, ya ubavuni na ya mgongo inabana kwa pamoja, kiwiliwili kinakuwa kitu kimoja, na ile nguvu inayotoka sakafuni kupitia nyonga inafika kwenye ngumi bila kuvujia njiani. Na kama mwenzio amekupiga tumboni sekunde hiyo hiyo, tumbo limeshakaza, huwezi kukatika pumzi kirahisi kama yule aliyepigwa akiwa ndo anavuta hewa ndani. Kiai ni hiyo pumzi, ila imepewa sauti. Ukiitoa sauti huwezi kubana pumzi, haiwezekani, na kwa mwanafunzi mpya hiyo peke yake inatosha kuwa sababu.

Kuna na upande wa kichwa. Mwaka 1961 Michio Ikai na Arthur Steinhaus walichapisha utafiti wao, waliwapa watu kazi ya kuvuta kwa mkono kwa nguvu zote, wakaona mtu akipiga kelele wakati anavuta, nguvu inapanda kuliko akivuta kimya. Maelezo yao yalikuwa kwamba nguvu mwilini ipo ila akili inaishikilia kama breki, na kelele inailegeza ile breki kidogo. Watu wa upanga walishalijua hilo kwa njia yao. Kwenye kendo kuna kitu kinaitwa shikai, magonjwa manne ya moyo, nayo ni kushtuka, kuogopa, kushuku na kusitasita. Ukitoa kiai ya kweli unayafukuza kwako, na ukibahatika unamwachia mwenzio angalau moja, hata kama ni kushtuka kwa nusu sekunde, na nusu sekunde kwenye kendo ni nyingi mno.

Haya, tuingie kwenye kufanya. Simama, miguu upana wa mabega, magoti yalegee kidogo. Kama umevaa gi, ile nguo ya mazoezi, ushushe mkanda, usiufunge juu kama mkanda wa suruali, ukae kwenye mifupa ya nyonga na fundo lije mbele. Pima vidole vitatu hivi chini ya kitovu, utakuta ndo palepale fundo limelala, na hapo Wajapani wanapaita tanden, mahali ambapo sanaa zao zote zinakuelekeza urudi. Ingiza vidole viwili nyuma ya fundo, kati ya fundo na tumbo. Vuta pumzi kwa pua polepole na uangalie mabega yasipande hata kidogo, ukiona yanapanda anza upya. Ukishajaa, kohoa mara moja, kikohozi kifupi cha kawaida tu. Umevisikia vidole vilivosukumwa? Ule msukumo ndo unautafuta siku zote. Kifua hakikufanya kitu, koo halikufanya kitu, chini ndo kumefanya kazi. Mwalimu mmoja alikuwa anapita mstarini wakati tunapiga kiai, haangalii midomo yetu wala hasikilizi nani ana sauti kubwa, macho yake yako kwenye mafundo ya mikanda, na aliyemwona fundo lake halijaruka mbele alimrudishia hesabu nzima. Nilikuja kuelewa baadae kabisa alikuwa anaangalia nini.

Ukishapapata, rudia bila kukohoa. Toa hewa kupitia meno, sss, kwa sekunde kumi, taratibu, vidole bado viko nyuma ya fundo, na ile hali ya kubana ibaki mpaka mwisho. Fanya mara tano sita. Alafu fanya sss ile ile kwa mikato, s, s, s, kila mkato fundo liruke. Baada ya hapo fungua mdomo, toa ha kama unavotaka kuweka ukungu kwenye kioo, hewa ya moto, koo limefunguka kabisa kama unapiga mwayo. Hapa ndo penyewe, watu wengi wanaharibu hapa. Koo likijifunga hewa inagonga ukuta, sauti inakwaruza na kesho huongei. Koo likiwa wazi hewa inapita tu na sauti inapanda juu yake yenyewe bila kulazimishwa. Sasa ile ha ifupishe, iwe ghafla, na mwishoni acha sauti iingie. Usiisukume. Ikitoka ndogo sawa, wiki ijayo itakuwa kubwa.

Utoe sauti gani? Hili swali kila mtu analiuliza na wachache wanajibiwa. La kwanza, usitamke neno "kiai", nimeliona hili mara nyingi, mtu anapiga ngumi anasema kiai kama anavosoma kwenye daftari, hilo ni jina la kitu, siyo kitu chenyewe. Na osu pia siyo kiai, osu ni salamu na kuitikia. Sauti za zamani za upanga ni Ei, Ya na To, na zilizoeleka sana hadi watu wa kawaida enzi za Edo, Japani ya zamani, wakawa wanauita mchezo wenyewe wa panga yatto, kwa ile sauti waliyoisikia ukutani. Kwenye kata za kendo, yani miondoko iliyopangwa tayari unayoirudia vilevile, zile kumi zilizopangwa mwaka 1912, saba za upanga mrefu na tatu za upanga mfupi, anayeshambulia anatoa Ya na anayejibu anatoa To, hazibadilishani. Kwenye jodo, ile ya fimbo, ukipiga unatoa Ei na ukichoma unatoa Ho. Ukizisikiliza zote utaona zinaishia na irabu, mdomo unabaki wazi, hakuna konsonanti inayokuja kufunga mlango, na sisi tunaoongea Kiswahili hapo tumebarikiwa maana midomo yetu imeshazoea kumalizia neno kwa irabu. Kwenye karate ya siku hizi wengi hawakulazimishi sauti fulani, kwahiyo jaribu Ei, jaribu Ya, jaribu To, sikiliza ipi inalifanya fundo liruke zaidi, uichukue hiyo. Kama sauti yako ni ya juu, iache juu. Wanawake wengi wa kendo wana sauti kali nyembamba inayokata hewa kama filimbi na inatisha kuliko ngurumo ya mtu wa kilo tisini. Anayejilazimisha kuwa na besi ambayo siyo yake anarudi kooni moja kwa moja.

Taimingi ndo inayotenganisha kiai na kelele. Kwenye kendo wanasema ki-ken-tai-itchi, roho, upanga na mwili viwe kitu kimoja, na hilo unalisikia kwa masikio kabisa. Kuna mlio wa shinai, ule upanga wa mianzi, unapogonga kofia ya mwenzio. Kuna mlio wa mguu wa kulia unapokanyaga mbao. Kuna sauti yako. Mtu akisimama nje ya ukuta asikie mlio mmoja. Akisikia miwili bado, akisikia mitatu rudi mwanzo. Mwanafunzi mpya karibu siku zote sauti inatangulia, anapiga ukelele, alafu mguu unafuata, alafu upanga unakuja kumalizia wakati mwenzio ameshaondoka. Dawa yake ni kwenda polepole mno. Piga hatua moja ya kawaida ya kutembea, mguu ukigusa sakafu piga makofi mara moja na utoe sauti fupi, vyote vitatu pamoja, rudia mpaka visigombane, alafu chukua shinai badala ya makofi. Kwenye karate ni hivo hivo, mguu unatua, nyonga inafunga, ngumi inafika na sauti inafika. Sauti haianzi ngumi ikiwa kiunoni. Ukiianzisha kiunoni, ngumi inapofika hewa imeshaisha na unapiga na mapafu matupu.

Kendo wamelibeba hili mpaka kwenye sheria za mechi. Unapopiga unatamka ulichopiga: men ni kichwa, kote ni kifundo cha mkono, do ni ubavu, tsuki ni kuchoma kooni, na kwenye naginata, sanaa ya silaha yenye mpini mrefu, inaongezeka sune, yani muundi. Pigo lililotua vizuri bila roho iliyojaa halihesabiki, imeandikwa kwenye maana yenyewe ya pointi halali pamoja na mkao sawa, sehemu sahihi ya upanga, mahali sahihi na zanshin, ile hali ya kubaki macho baada ya kupiga. Waamuzi ni watatu, wakinyanyua bendera wawili umepata. Mgeni akiangalia mara ya kwanza anadhani wanashindana kupiga kelele, kumbe kutamka men kabla ya kuipata men ni kama kuweka ahadi hadharani, umesema unapiga kichwa, ukigusa bega kila mtu amesikia ulikusudia nini na umekosa. Ndo maana pigo la bahati, lile la upanga umepita tu ukagusa, halina sauti ndani yake na refa mzuri analiona. Na angalia hili, wengi linawapita: ile sauti inatakiwa iende na wewe unapopita pembeni ya mwenzio, meeen, mpaka ugeuke na ukae tayari tena, hapo ndo zanshin. Ila ukigeuza ile sauti kuwa shangwe, ukanyanyua ngumi juu kama umefunga goli, pointi yako inaweza kufutwa. Wameshakupa wanakunyang'anya. Mimi naipenda hiyo sheria kuliko zote, inakwambia wazi kwamba sauti ilikuwa ya pigo, haikuwa ya watazamaji.

Zoezi bora la kendo la kuunganisha haya yote ni kirikaeshi. Unavuta pumzi ukiwa mbali, unatoa sauti, unapiga men ya katikati, unaingia mwili kwa mwili, alafu unapiga men za kushoto na kulia, nne ukienda mbele na tano ukirudi nyuma, kila moja na sauti yake, alafu unachukua umbali, unavuta pumzi pale, unapiga men ya mwisho. Wazoefu wanaenda hizo tisa zote kwa pumzi moja. Mwanzoni utaishiwa kwenye ya sita, usihangaike, vuta pumzi haraka uendelee, kila wiki isogeze mbele moja. Hapo utaelewa mwenyewe kwa nini hutakiwi kumwaga hewa yote kwenye sauti ya kwanza.

Kwenye kata za karate jambo linakuwa tofauti kidogo kwa sababu hupigi mtu, na sehemu za kiai zimeshawekwa. Chukua kata ya Heian Shodan ya Shotokan, mtindo mmoja wa karate, ina miondoko 21, kiai ziko mbili tu, kwenye wa 9, ile kinga ya juu ya tatu, na kwenye wa 17, ile ngumi ya tatu ya kwenda mbele. Umeona zinafanana? Zote mbili zinakuja baada ya hatua tatu zinazosonga mbele kwa mstari mmoja, ni kama mtu amesema, amesema tena, mara ya tatu amemaliza maneno. Kwahiyo ile ya kwanza na ya pili ndo zinakujengea ya tatu, na ukizipiga zote kwa nguvu sawa kiai yako inakuwa imebandikwa tu juu. Zinazobaki 19 zipige kimya ila pumzi iende vilevile, fundo liruke vilevile, sauti tu ndo haipo. Wengi wanaenda kata nzima wamebana pumzi wakingoja sehemu ya kiai ifike, alafu ikifika wanalipuka, na ukiwaangalia baada ya hapo wanahema. Tarehe 6 Agosti 2021, ndani ya Nippon Budokan, Kiyuna Ryo wa Okinawa alichukua dhahabu ya kata ya Olimpiki ya Tokyo kwa kata ya Ohan Dai, na ukirudia kuitazama, jaribu mara moja uzime sauti na uangalie tumbo na mabega yake tu. Mabega hayapandi.

Hapa nataka nisimame kidogo kwa Miyamoto Musashi, yule mtu wa upanga maarufu wa Japani, kwa sababu alichoandika karibu mwaka 1645, mwishoni mwa maisha yake, kinapishana na nilichokwambia juu. Yeye anazungumzia sauti tatu, ya kabla, ya katikati na ya baada. Sauti ni uhai, anasema, ndo maana tunaitumia dhidi ya moto, dhidi ya upepo na mawimbi. Kwa watu wawili wakipambana, anafundisha ujifanye unapiga, utoe Ei ili umtikise adui, alafu upanga ufuate baada ya sauti, na ukishamwangusha utoe sauti ya kutangaza ushindi. Lakini usipige kelele kubwa kwa pamoja na upanga wenyewe. Yani kinyume kabisa cha ki-ken-tai-itchi! Nilikaa nalo sana hilo. Ninavoliona mimi, Musashi anaongea na mtu ambaye mwili wake umeshakuwa kitu kimoja na anatafuta namna ya kumvuruga mwingine, anacheza na rithimu, anampa adui sauti ili ajibu sauti wakati pigo bado linakuja. Wewe na mimi bado tunatafuta kuungana sisi wenyewe kwanza. Anza na pamoja. Ile ya kutikisa utaitumia ukishafika kwenye kushindana na mtu, na inafanya kazi kweli, ukiwa umbali wa kukaribiana toa Ya moja nzito na umwangalie mikono, ikitetemeka au ikinyanyuka tu umeshapata mlango.

Upande wa mbali kabisa kuna Jigen-ryu, shule ya upanga ya Satsuma, sehemu ambayo leo ni Kagoshima, kusini mwa Japani. Hao mafunzo yao ya msingi ni kupiga gogo lililosimamishwa wima kwa fimbo, kulia kushoto, kulia kushoto, wakikimbilia, na sauti yao inaitwa enkyo, kelele za nyani, kali, ndefu, inapanda juu kabisa, haifanani na Ei wala To. Ukiisikia mara ya kwanza unaweza kudhani mtu ameumia. Nia ya ile shule ni kumaliza kwa pigo la kwanza, hawapangi la pili, na sauti inabeba uamuzi huo wote. Usiende kuiiga kwenye darasa la karate, ila inafundisha kwamba sauti inafanana na pigo. Pigo fupi sauti fupi, pigo la kumwaga kila kitu sauti ya kumwaga kila kitu.

Alafu kuna sanaa zinazonyamaza. Kwenye iaido, ile ya kuchomoa upanga, sehemu kubwa unasikia kitambaa na chuma tu. Kwenye kyudo, ile ya upinde, mshale unaondoka na kimya ndo kinabaki, ingawa kuna mitindo ya zamani yenye sauti ya mshale, yagoe. Kwenye judo watu wanashikana dakika nzima huwasikii zaidi ya kuhema. Kiai yao ipo, imebaki ndani, na hata mtu wa karate anatakiwa aijue maana siku moja utaumwa mafua, au utafanya mazoezi saa ambayo watu wamelala. Piga mbinu moja mara tatu, ya kwanza sauti kamili, ya pili sauti nusu, ya tatu bila sauti kabisa, na mwenzio aweke kiganja kwenye tumbo lako la chini. Akikwambia ya tatu imekuwa laini kuliko ya kwanza basi ulikuwa unaitegemea sauti ikufanyie kazi ambayo tumbo ndo linatakiwa kuifanya. Debe tupu haliachi kuvuma, na kwenye dojo utayasikia mengi, sauti inatikisa dirisha ila ngumi haina kitu.

Kwa mwenye aibu, nakwambia hivi kwa upendo kabisa: simama katikati ya mstari siyo mwishoni, maana mwishoni unasikia sauti yako peke yake na katikati unabebwa na wengine. Tazama sehemu moja ya mbali, ukutani, na uitume sauti ifike pale, usiitazame sakafu kwa sababu kidevu kikishuka koo linajikunja. Na usicheke baada ya kuitoa. Ule mcheko mdogo wa kujitetea unaifuta yote, na pia unakutoa kwenye zanshin, mwenzio angekuwa na upanga angeshakupiga.

Nyumbani tumia mto, uukandamize usoni kidogo bila kuziba pua, utoe ndani yake sauti kumi tu, siyo mia, na katikati ya kila moja vuta pumzi kamili. Kunywa maji kabla, siyo baada tu. Kama una presha ya juu au umefanyiwa upasuaji wa tumbo au una henia, muulize daktari kwanza na ubaki kwenye ile sss laini, hiyo nayo ni mazoezi kamili. Kizunguzungu kikija maana yake unavuta hewa nyingi na haraka kupita kiasi, kaa chini, pumua kawaida. Na ukiamka kesho yake sauti inakwaruza, hiyo ni taarifa kwamba jana ulitumia koo, kwahiyo ipumzishe siku mbili tatu, usinong'one sana maana kunong'ona nako kunalichosha, endelea na vidole nyuma ya fundo na kikohozi kimoja kimoja, alafu ndo urudi kwenye Ei.